Mbiu ya Mgambo Imenyamazishwa

Mbiu ya mgambo ikilia, kuna jambo. Wahenga walijua kwamba mgambo ni watu walioitwa, wakakusanyika, wakapewa kazi ya wote. Waliotunga Marekebisho ya Pili ya Katiba ya Marekani, yaliyoridhiwa mwaka 1791, walijua hivyo pia. Sentensi yao ni moja tu, na inaanza na mgambo: mgambo wenye utaratibu mzuri, ulio wa lazima kwa usalama wa dola huru. Baada ya hapo ndipo inapotajwa haki ya wananchi kuweka na kubeba silaha.

Leo watetezi wa bunduki wanaapa kwa maana ya asili, ilhali sentensi wameikata kichwa, na mkia wanauita mnyama mzima.

Haya, twende kwenye asili. Sheria ya Mgambo ya mwaka 1792 iliagiza kila raia mwanamume mweupe, huru na mwenye nguvu, wa miaka 18 hadi 45, aandikishwe. Ajinunulie gobori, singe, mawe mawili ya akiba ya gumegume na mkoba wa risasi 24. Akiitwa mazoezini aje navyo, na mkaguzi avitazame kimoja kimoja. Mtu mweusi hakuhesabiwa kabisa.

Na gobori lenyewe? Unamimina baruti, unatia risasi, unashindilia kwa mdeki, ndipo unalenga. Askari hodari alipiga mara tatu kwa dakika. Oktoba 2017, Las Vegas, mtu mmoja dirishani mwa hoteli alimiminia umati wa tamasha zaidi ya risasi 1,000 kwa takriban dakika kumi.

Mwaka 2008, katika kesi ya Heller, majaji watano dhidi ya wanne wa Mahakama ya Juu waliamua kwamba haki ya kuweka na kubeba silaha ni ya mtu binafsi, hata asipokuwa mwanamgambo. Hoja yao kuu ni neno "wananchi". Basi mbona rasimu ya marekebisho haya, aliyoiandika James Madison mwaka 1789, ilitaka mtu ambaye dini yake inamkataza kubeba silaha asilazimishwe kwenda jeshini? Mwinda kulungu ana haja gani na msamaha huo? Kubeba silaha ilikuwa lugha ya utumishi wa kijeshi.

Tarehe 24 Mei 2022, huko Uvalde, Texas, watoto 19 na walimu wawili waliuawa shuleni. Siku 30 baadaye Mahakama ya Juu, kwa jina la historia, ilifuta sharti la New York lililobana ubebaji wa bunduki mitaani kwa zaidi ya miaka mia moja.

Hakuna haki bila wajibu. Anayeidai haki ya 1791 aubebe na wajibu wa wakati ule: aandikishwe, afunzwe, silaha yake ikaguliwe. Akiukataa, aseme anaipenda bunduki yake, na asiwasingizie marehemu waliotunga sentensi ile.