Shabiki ni Hakimu, Si Mwenye Mali

Mwaka 2014 televisheni ya Thailand ilianza kuonyesha mchezo wa mfululizo uitwao Love Sick. Ni hadithi ya vijana wawili wa shule ya sekondari, Phun na Noh. Phun anabanwa na baba yake afanye urafiki na binti wa rafiki wa baba, ingawa yeye tayari anaye msichana wake. Ili ajinasue, anamwendea Noh na kumwomba ombi la ajabu: wajifanye wapenzi. Shabaha ya hila hiyo ni dada yake mdogo, ambaye ni msomaji mkubwa wa hadithi za wavulana wapendanao. Akiamini kwamba kaka yake mwenyewe ni mmoja wao, atamtetea mbele ya baba. Noh naye anakubali kwa kuwa chama chake cha muziki hapo shuleni kina shida ya fedha, na Phun anaweza kumsaidia.

Naomba tuitazame vizuri hila hiyo. Mchezo huo ndio unaohesabiwa na wengi kuwa wa kwanza wa aina yake katika televisheni ya nchi ile, na tangu mwanzo huo shabiki yumo ndani ya mchezo. Vijana wawili wanajifanya wapenzi ili binti mmoja aridhike. Baadaye uwongo wao unageuka kuwa kweli, na watazamaji wakamiminika kwa ajili ya Phun na Noh. Mimi leo nataka tuzungumze juu ya yule binti, yaani juu ya mtazamaji, haki zake na mipaka yake.

Pengine utaniuliza, ndugu msomaji, mambo ya Thailand yanauhusu nini ukurasa wa familia. Sheria zao na desturi zao ni zao, na sheria zetu na desturi zetu ni zetu. Safu hii haikuandikwa kuzishindanisha. Lakini kila nyumba yenye kioo cha kutazamia michezo ina mtu aliyewahi kulia, kukasirika na kubishana kwa ajili ya watu wasiokuwapo. Mabishano ya mashabiki wa Thailand na wenzao wa nje yamefika mbali kuliko ya wengi wetu, nayo yana fundisho.

Shabiki alitangulia

Yafaa kwanza tujue hadithi hizi zilitoka wapi. Katika miaka ya 1970 wachoraji wanawake wa Japani walianza kuchora, kwa ajili ya wasomaji wasichana, hadithi za picha za wavulana wapendanao. Aina mojawapo iliyotokana nazo ikaitwa yaoi. Vitabu hivyo viliingia Thailand, vikatafsiriwa, na Wathai wakalifupisha jina hilo likabaki herufi moja tu, Y. Wasomaji wake wakaitwa wasichana wa Y. Halafu wasomaji wakageuka kuwa waandishi. Walitunga riwaya katika lugha yao na kuzitoa sura baada ya sura katika mtandao, huku wenzao wakisoma na kutoa maoni. Love Sick ilikuwa riwaya ya namna hiyo kabla haijawa mchezo. Kadhalika SOTUS ya mwaka 2016, na 2gether ya mwaka 2020, ambayo ilizipeleka tamthilia hizi mbali sana wakati watu wa nchi nyingi wamefungiwa majumbani kwa ajili ya maradhi ya Korona.

Kwa hiyo shabiki alikuwako kabla ya kampuni. Alikuwa msomaji, mara nyingine mtunzi, na mara nyingi mfasiri wa kujitolea aliyeandika maneno chini ya picha ili wageni waelewe. Mtu aliyeijenga nyumba kwa mikono yake haoni haya kusema kwamba paa linavuja. Na wamesema.

Mashtaka ya mashabiki

Shtaka la kwanza, na ndilo zito kuliko yote, ni kuonyesha nguvu na kuiita mapenzi. Mfano unaotajwa mara nyingi ni TharnType ya mwaka 2019. Wanafunzi wawili wa chuo kikuu wanapangwa chumba kimoja. Type anawachukia wanaume wanaopenda wanaume wenzao kwa sababu alitendewa uovu na mtu mzima alipokuwa mtoto. Tharn ni mmoja wa watu hao anaowachukia. Wanagombana, na katika ugomvi huo Tharn anautumia ulevi wa mwenzake kumshikashika mwili bila ridhaa yake. Kisha hadithi inaendelea, na hawa wawili wanakuwa wapenzi wa kuigwa.

Mashabiki wengi waliuliza: mtu aliyeumizwa utotoni anaponywaje kwa kuumizwa tena? Wengine wakawajibu kwamba hiyo ni ndoto tu, kwamba mtazamaji mwenye akili hajifunzi mapenzi katika mchezo wa kuigiza, na kwamba hadithi ina haki ya kuonyesha watu wenye makosa. Hoja hii ya pili si ya kudharauliwa. Tamthilia isiyo na mkosaji haina uhai. Lakini kuonyesha kosa ni jambo moja, na kulisindikiza kosa kwa muziki mtamu ni jambo jingine. Kijana wa miaka kumi na mitano hausikilizi mjadala; anausikiliza muziki.

Shtaka la pili ni la mume na mke. Katika SOTUS, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi, Kongpob, anamkabili kiongozi wa wanafunzi wakubwa, Arthit, juu ya gia ya chuma ambayo ni alama ya heshima ya kitivo chao. Anamwambia kwamba atamfanya mke wake, na kwa kuwa mali ya mke ni mali ya mume, gia hiyo itakuwa yake. Wengi walicheka na kushangilia. Baadaye wengine wakajiuliza walichekelea nini. Ikiwa wapenzi ni wanaume wawili, kwa nini lazima mmoja ashushwe awe mke ili mwingine ainuliwe? Tena, cheo cha mke kina aibu gani hata kiwe tishio? Utaona, ndugu msomaji, kwamba shtaka hili halihusu wanaume peke yao. Linamhusu kila mama na kila binti, maana dharau hiyo ni yao.

Shtaka la tatu ni la watu wa pembeni. Katika tamthilia nyingi za awali msichana alikuwa kikwazo tu: mwenye wivu, mfitini, wa kuondolewa njiani. Naye mwanamume mwenye madaha ya kike aliwekwa achekwe. Katika 2gether, kijana Tine anamwomba mpiga gitaa Sarawat ajifanye mpenzi wake ili Green, anayemfuatafuata, akate tamaa. Ni hila ileile ya Love Sick. Green ana madaha na maringo, na kazi yake kubwa ni kuchekesha na kukera. Wakosoaji walisema: mnatuonyesha mapenzi ya wanaume, halafu mwanamume anayefanana zaidi na wale wanaochekwa mitaani mnamfanya kichekesho!

Shtaka la nne linatoka kwa wale ambao maisha yao ndiyo yanayoigizwa. Walichoshwa na wahusika wanaokana mpaka mwisho kwamba wao si watu wa namna hiyo, ila wamempenda mtu mmoja tu. Walisema pia kwamba kampuni zinauza mapenzi yao katika matangazo ya biashara ilhali sheria ya nchi haiwatambui. Kwa miaka mingi lalamiko hilo lilikuwa kweli tupu. Baraza la Seneti la Thailand lilipitisha sheria ya usawa wa ndoa tarehe 18 Juni 2024, na sheria hiyo ikaanza kutumika tarehe 23 Januari 2025. Tamthilia zilikuwa zimekwisha kuvuma kwa miaka kumi.

Msema kweli

Wahenga walinena kwamba msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Hapa tungeweza kuongeza kwamba ni mpenzi wa tamthilia pia. Mwishoni mwa mwaka 2021 ulitoka mchezo uitwao Bad Buddy, juu ya vijana wawili majirani, Pat na Pran, ambao wazazi wao ni mahasimu. Mashabiki wengi waliupokea kama jibu la malalamiko yao. Wapenzi wake ni sawa kwa sawa, hakuna aliyegawiwa cheo cha mke. Hakuna msichana mfitini. Bali dada yake Pat na rafiki yao Ink wana hadithi yao wenyewe ya mapenzi. Wakati huohuo mchezo wa Not Me uliwatoa wahusika chumbani na kuwapeleka barabarani, katika maandamano ya kudai ile sheria ya ndoa. Ukizitazama tamthilia hizi mbili baada ya TharnType utaona kwamba miaka miwili si mingi, lakini hatua ni kubwa.

Huyo ndiye shabiki katika uhakimu wake, na katika hilo anastahili heshima. Lakini mwosha naye huoshwa.

Upande wa pili wa kioo

Kampuni za tamthilia hizi haziuzi hadithi peke yake. Zinauza wachezaji wawili wawili. Waliocheza kama wapenzi hupangwa pamoja tena katika matangazo, katika matamasha, katika mikutano na mashabiki. Hushikana mikono, hutaniana, hutazamana. Wathai wanayo hata istilahi ya jozi za namna hii, yaani wapenzi wa kuwaziwa tu. Shabiki hulipa ili aendelee kuwaza.

Hapo ndipo mambo huharibika. Kuna shabiki asiyekubali kwamba mchezo umekwisha. Mchezaji akionekana na msichana, anaitwa msaliti. Akipewa mwenzi mwingine katika mchezo mpya, huyo mwenzi mpya anatukanwa. Simu yake, safari zake, marafiki zake, vyote vinachunguzwa kama kwamba alikula kiapo. Mwezi Aprili 2020, Bright, aliyecheza kama Sarawat, alionyesha kuzipenda picha ambazo maelezo yake yaliitaja Hong Kong kuwa nchi. Watazamaji wa China walikasirika, naye akaomba radhi. Haikutosha. Walifukua maneno ya zamani ya msichana aliyesemekana kuwa mchumba wake, na mashambulizi yakamgeukia yeye. Vijana wa Thailand wakajibu kwa mizaha, wale wa Taiwan na Hong Kong wakaungana nao, na mkasa huo ukazaa kile walichokiita Muungano wa Chai ya Maziwa. Historia inaukumbuka muungano. Mimi namfikiria zaidi msichana ambaye hakucheza mchezo wowote, akaamka asubuhi moja na kukuta umati mlangoni pake.

Ndugu msomaji, tuyaweke mambo haya mawili pamoja. Shabiki aliyemshtaki Tharn alisema neno moja la haki: huwezi kumfanyia mtu jambo ambalo hakuliridhia, hata ukiliita mapenzi. Neno hilo ni kweli ndani ya kioo. Je, linaacha kuwa kweli nje ya kioo? Mchezaji aliridhia kuigiza. Aliridhia kusema maneno ya mtunzi mbele ya kamera, akalipwa. Hakuridhia kupangiwa ampende nani nyumbani kwake. Anayemlazimisha kwa kelele na matusi anatenda, kwa njia yake, lile analolikemea katika hadithi.

Haki ya hakimu ni kusikiliza kesi na kutoa hukumu. Akimaliza, hamchukui mshtakiwa nyumbani akawe wake.

Na tusimlaumu shabiki peke yake. Mrudie yule dada mdogo katika Love Sick. Yeye naye alidanganywa. Vijana wawili na haja zao walimwonyesha mapenzi ya bandia ili wapate walichotaka, mmoja utetezi, mwingine fedha za chama. Kampuni inayowashikisha wachezaji mikono jukwaani hufanya hesabu ileile. Anayeuza ndoto kwa mwaka mzima hana uso wa kushangaa mnunuzi anapokataa kuamka.

Kwa wazazi, na kwa kaka na dada wakubwa, ninalo ombi moja dogo. Siku utakapomkuta mtoto wako ameinamia mchezo wa mfululizo, wa Thailand au wa kwingineko, wa mapenzi ya aina yoyote, usianze kwa kuzima. Keti naye, tazama sehemu moja mpaka mwisho, kisha muulize swali hili: huyu aliyefanyiwa hivi, aliulizwa? Akikujibu vizuri, muulize na la pili: na yule anayeigiza, naye ameulizwa? Mtoto anayeweza kuyajibu maswali hayo mawili atajua la kufanya hata siku ambayo hakuna kamera, na anayeulizwa, au asiyeulizwa, ni yeye mwenyewe.