BWANA SHAMBA AZUNGUMZA NAWE
Koa Mwekundu wa Mwambani



Mwezi huu tuache shamba kidogo, twende pwani. Wewe unayelima mwani, au unayetafuta pweza na chaza wakati wa bamvua, unajua kwamba madimbwi ya mwambani yana viumbe wengi. Mmoja wao ni mwekundu kama nguo mpya. Akisumbuliwa, hufunua kingo za mwili wake, akaogelea huku akipepea kama kanga kwenye upepo. Asiyemjua huogopa, akadhani ameona shetani. Si shetani. Ni koa.

Koa wa shambani unamjua vizuri. Hutoka usiku baada ya mvua akala mboga zako. Ni ndugu wa konokono, ila hana nyumba ya kubeba mgongoni. Huyu wa baharini ni wa ukoo huo huo. Wazungu humwita mcheza ngoma wa Hispania, kwa sababu anapoogelea hufanana na mwanamke anayecheza na kuzungusha sketi nyekundu.

Utamtambuaje? Koa wengi wa baharini ni wadogo kama kidole, lakini huyu hufika shibiri moja au zaidi. Wakubwa hufikia sentimita 40. Rangi yake ni nyekundu au ya waridi, mara nyingi yenye madoa meupe. Akitulia, hukunja kingo zake juu, na rangi kali haionekani sana. Kichwani ana pembe mbili laini. Hizo ni za kunusia.

Sasa tazama mgongoni, upande wa nyuma. Hapo ndipo penye alama yake kubwa. Utaona matamvua ya kupumulia, yamesimama kama maua yaliyopangwa duara. Kwa kawaida ni sita, na kila moja limeota mahali pake. Koa wengine wengi wa jamii yake, matamvua yao hutoka katika tundu moja. Jina lake la kitaalamu ni Hexabranchus, maana yake "mwenye matamvua sita". Zamani ilidhaniwa kwamba wote ni aina moja. Mwaka 2023 wataalamu walionyesha kwamba ni aina kadhaa zinazofanana.

Usimchanganye na jongoo bahari. Jongoo bahari ana umbo la muhogo, wala hana pembe. Wapo pia minyoo bapa wenye rangi nzuri, nao huogelea kwa kupepea. Lakini mnyoo bapa ni mwembamba kama jani, na mgongoni hana matamvua.

Pengine utaona mayai yake kabla ya kumwona mwenyewe. Ni utepe mwekundu uliozungushwa kama ua la waridi, umegandishwa juu ya jiwe. Uache hapo hapo.

Je, analiwa? Haliwi. Chakula chake ni sifongo. Sifongo hawezi kukimbia, kwa hiyo hujilinda kwa sumu. Koa humla, kisha huiweka sumu ile mgongoni mwake na katika mayai yake. Samaki akimwonja humtema. Usimtie katika ndoo moja na pweza wako. Hata hivyo sumu hiyo imewavutia wataalamu. Mwaka 1986 wataalamu wa Japani walitangaza kwamba katika mayai ya koa wa baharini wamepata kitu kinachoua kuvu.

Koa huyu hana mwiba wala haumi. Watoto wakimkuta, wamtazame na kumwacha.

Wa kuogopwa ni mwingine kabisa, na wala hana rangi kali. Ni konokono mwenye gamba lililochongoka upande mmoja kama pia, jeupe lenye mabaka ya kahawia. Watoto hupenda kumwokota kwa sababu gamba lake ni zuri. Ana mwiba wenye sumu ambao huwindia samaki, na ameua watu. Hakuna sindano ya kuiondoa sumu hiyo. Waonyeshe watoto wako gamba lake, na uwakataze kulitia mfukoni. Mtu akichomwa, mpeleke hospitali mara moja, hata kama anasema haumwi sana. Sumu hiyo huzuia pumzi.

Mwezi ujao tutarudi shambani, tuzungumze juu ya dumuzi katika ghala la mahindi.