Na Hiyo Inakulipa?

Jumapili iliyopita nilikuwa kwa shangazi, Umoja. Yeye alikuwa jikoni na chapati zake, mimi sebuleni na laptopu magotini. Binamu yangu akachungulia. "Unafanya nini hapo?" Nikamwambia nachora ramani. Iko ramani ya dunia nzima inayoitwa OpenStreetMap, ilianza 2004, na mtu yeyote anaweza kuihariri vile watu huhariri Wikipedia. Unafungua picha ya setilaiti, unaona paa ambalo halimo kwenye ramani, unalichora pembe moja baada ya nyingine. Unaona kijia cha kwenda mtoni, unakifuata. Kabla sijamaliza kueleza, sauti ikatoka jikoni: "Na hiyo inakulipa?"

"Hapana, shangazi."

Binamu akacheka, kile kicheko cha kumhurumia mtu.

Shangazi simlaumu. Amelea watoto watatu kwa kuuza mitumba Gikomba, na siku ambayo hakuuza kitu, jioni ilijulikana mezani. Swali lake ni la mtu anayeijua njaa. Ugomvi wangu ni na sisi wa rika langu, tuliolichukua swali hilo tukalifanya dini. Ukipika pilau na kuweka picha moja tu, unaambiwa ufungue chaneli. Ukifuma kofia ya uzi, "Uza, msee, umekalia doo." Ukipenda kitu na hakina nambari ya Lipa na M-Pesa, unaonekana umepotea njia.

Serikali nayo haina lugha nyingine. Tangu 2016 kuna Ajira Digital, mpango wa kuwafunza vijana kutafuta kazi mtandaoni. Kisha Sheria ya Fedha ya 2023 ikaleta kodi ya asilimia 5 kwa malipo ya wanaotengeneza kontenti. Sikatai kazi, na kodi ni kodi. Lakini sikiliza tunavyoongeleshwa kuhusu intaneti: ni ama utafute pesa, ama ukatwe pesa. Mahali pa kucheza tu hapatajwi.

Shuleni tuliandika insha ya "Uraibu Wangu". Wote tulidanganya tukasema kusoma vitabu na kuogelea, hata sisi ambao bwawa tuliliona kwa televisheni. Neno hilohilo, uraibu, ndilo tunalompa mtu aliyenaswa na pombe. Kadiri ninavyokua ndivyo ninavyoona kwamba hatujachanganya maneno. Kitu unachokipenda bila faida tunakichukulia kama ugonjwa kweli.

Jirani yangu wa keja ni bawabu. Miezi mingi nilimwona akifunika simu nikipita, nikafikiri ana mambo yake. Kumbe anacheza chesi kwa Lichess, tovuti isiyo na matangazo wala ada, inayoendeshwa kwa michango ya watu. Alikuwa anaona haya. Sasa fikiria: mtu huyohuyo hubeti waziwazi, mbele ya duka, akijadiliana na wenzake kuhusu mechi. Kubeti si aibu kwa sababu kuna ndoto ya pesa ndani yake, hata kama kila Jumamosi anapoteza. Chesi, ambayo haimli hata shilingi nje ya bando, ndiyo anaificha.

Kuna wakati nilifuata ushauri wa kugeuza ninachokipenda kuwa pesa. Nilipoacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, nilikaa miaka miwili nikiwaandikia insha wanafunzi wa ng'ambo. Nilichagua historia kwa sababu niliipenda kuliko kitu chochote darasani. Kodi ya nyumba nililipa. Lakini nilifika mahali siwezi kufungua kitabu cha historia bila kuhesabu kurasa na dola. Nimewaandikia watu digrii ambazo mimi sina, na mapenzi yangu ya historia yalikwenda nazo. Hayajarudi mpaka leo. Kwa hivyo mtu akiniambia nitafute mteja wa ramani, najua ananiomba nini.

Utaniambia hayo ni maneno ya watu walioshiba. Si kweli. Bando nanunua kwa pesa ya kibarua, na kuna wiki sinunui. Lakini wazee wetu walicheza bao chini ya mti mifuko ikiwa mitupu, na hatukuwaita wazembe. Nani alitupitishia sheria kwamba tajiri akijifurahisha anapumzika, na maskini akijifurahisha ni mvivu?

Mwingine atajaribu kunitetea: ramani ina faida, si vijana wa Kibera walianza kuuchora mtaa wao 2009 kwenye ramani hiyohiyo, mradi wa Map Kibera, kwa sababu ramani rasmi ziliuacha mtupu? Ni kweli, na nawavulia kofia. Lakini sitajificha nyuma yao. Wao walikuwa na kazi ya kufanya. Mimi nilianza usiku mmoja nikikwepa insha. Nilitafuta ushago, nikakuta barabara moja na mto usio na jina. Asubuhi nikampigia nyanya kumuuliza mto unaitwaje. Akanisimulia kwa dakika arobaini nani alivukia wapi na nani alichukuliwa na maji. Nikaandika jina. Sikumwokoa mtu yeyote. Nilifurahi tu, na hiyo ilinitosha.

Turudi Umoja. Shangazi alitoka na unga mikononi, akainama juu ya kioo. "Hapo si nyumbani?" Nikasema ndiyo. Akatazama kitambo. "Sasa mbona hujaweka kisima? Kiko hapa, nyuma ya kanisa." Akanionyesha kwa kidole, kioo kikapakwa unga. Binamu naye akavuta kiti. Chapati moja iliungua.

Kisima nimekiweka. Nawe wiki hii, mtu akikuonyesha anachokipenda mtandaoni, iwe ni chesi, katuni za Kijapani au picha za matatu za zamani, usimtafutie soko. Vuta kiti. Mwambie akuonyeshe zaidi.