Kibati Kimebanduliwa, Fundi Kahukumiwa

Mashine ilianza kutoa moshi hata maji hayajafunika kitako cha pipa. Dada yangu alikuwa amesimama mlangoni na beseni la nguo za watoto, fundi kachuchumaa nyuma ya mashine na bisibisi mkononi, nami nimeshika risiti, macho yameganda kwenye maneno yaliyochapwa chini kabisa: mali ikishauzwa hairudishwi. Harufu ya waya ulioungua ikatanda mpaka kwa jirani. Jioni hiyohiyo tulirudi dukani. Mwenye duka hakuinuka hata kitini. "Nani kaifunga?" Tukamtaja fundi. "Basi kamdaini fundi wenu."

Tukamdai. Hapo ndipo panaponiuma hadi leo. Kijana aliyetutengenezea feni, pasi na redio miaka yote bila kugombana na mtu alibebeshwa deni la mashine nzima, akalilipa kidogo kidogo kwa vijisenti vya kuunga waya za pasi. Hakutukana mtu. Alisema tu, "Dada, nilitafuta maandishi nyuma, sikuyaona."

Hakuyaona kwa sababu yalikwanguliwa. Nyuma ya mashine palibaki mstatili wa gundi kavu na mikwaruzo ya kisu. Mota ilipofumuliwa baadaye ili shaba yake iuzwe, ubavuni mwake palikuwa na herufi ambazo kisu hakikuzifikia: 100 V. Ilikuwa mashine ya Japani. Umeme wa nyumba za Japani ni volti 100, wa kwetu Tanzania ni 230. Aliyekibandua kibati chenye maandishi hayo alijua kusoma, na alijua mnunuzi akikisoma hatanunua. Huo ni wizi. Na mwizi yule yupo dukani mpaka leo, feni inampepea, ilhali fundi alitazamwa mtaani kama mtu aliyeunguza mali ya watu.

Nimechoka kusikia kwamba vifaa vyetu vinakufa kwa sababu mafundi wetu ni vishoka. Wapo vishoka, nitawafikia. Lakini kesi nyingi huanza dukani, kabla fundi hajaitwa, siku kibati kilipobanduliwa au kilipoachwa na pasiwepo mtu wa kukisoma. Kila kifaa cha umeme hutoka kiwandani na kibati chake. Kinataja volti, hetzi na wati. Kikiwa friji kinataja aina ya gesi na uzito wake kwa gramu. Ukikibandua umemfunga fundi kitambaa machoni, kisha unamlaumu kwa kujikwaa.

Hebu tuifanye hesabu ile ambayo muuzaji hakutaka tuifanye. Jiko la wali la volti 100 ukilichomeka kwenye volti 230, umeme unazidi mara 2.3, na joto linazidi mara 2.3 kwa 2.3, yaani zaidi ya mara tano. Jiko la wati 600 linalazimishwa kutoa zaidi ya wati 3,000. Waya wake wa ndani haukuumbwa kwa kazi hiyo. Utakatika, au utashika moto kabla ya kukatika. Hapo hakuna ufundi utakaokuokoa, hata ukimleta mhandisi wa bwawa la umeme la Kidatu.

"Nunua transfoma," watakwambia. Sawa, transfoma hushusha volti. Haigusi hetzi, yaani idadi ya mara umeme unazunguka kwa sekunde moja. Kwetu ni 50. Marekani ni 60. Japani yenyewe imegawanyika: upande wa Tokyo ni 50, upande wa Osaka ni 60, kwa sababu mwishoni mwa karne ya 19 Tokyo ilinunua jenereta za Wajerumani na Osaka ikanunua za Wamarekani. Ndiyo maana mashine nyingi za Japani zimeandikwa 50/60, lakini zipo zilizoandikwa namba moja tu, na anayekwambia ni ipi ni kibati, si dalali. Mota ya hetzi 60 ikilishwa hetzi 50 huzunguka polepole kwa sehemu moja ya sita, huvuta umeme mwingi kuliko kawaida yake na huchemka. Haifi siku hiyo. Hufa baada ya miezi, wakati muuzaji ameshakusahau, na fundi wa mwisho kuigusa ndiye anayeshikwa shati.

Saudia ina mtego wa hatari zaidi, kwa kuwa hauonekani. Ndugu zetu wanaorudi kutoka huko huleta friji na viyoyozi. Volti zinakaribiana na zetu, plagi ya pini tatu inaingia sawasawa, kila mtu anapiga makofi. Lakini Saudia ni hetzi 60. Wakati huohuo Oman na Dubai, hapo jirani tu, ni 50. Bahari ileile na meli ileile, mashine mbili zisizo na maisha sawa. Mama wa nyumbani atajuaje? Anayeuza ndiye anayepaswa kujua, na anayepaswa kusema.

Sasa nije kwenye waya wa kijani, na hapa nasema na mafundi wenyewe bila kuwaficha.

Mashine nyingi za kufulia na friji za Japani huja na plagi ya pini mbili, na pembeni yake unaning'inia waya mmoja peke yake, wa kijani. Kule kwao unafungwa kwa skrubu kwenye soketi yenye sehemu ya ethi. Kwetu soketi haina skrubu hiyo, basi fundi anaukata, au anaukunja na kuuviringishia tepu nyeusi. Nimeingia nyumba nyingi na kuinama nyuma ya mashine, na karibu kila mara nimeukuta umekatwa. Fundi, waya ule haukuwekwa kama pambo. Siku waya wa moto utakapogusa bati la mashine, ule wa kijani ndio utakaoupeleka umeme ardhini na kuangusha swichi. Ukiukata, umeme unabaki kwenye bati unamngoja mtu. Naye atakuja bila viatu, sakafu ina maji, mikono ina povu la sabuni. Mara nyingi atakuwa dada wa kazi, binti aliyetoka kijijini na ambaye hakuna aliyemweleza lolote. Ukikosa pa kuufunga waya wa kijani, badilisha kamba na plagi, uweke ya pini tatu yenye ethi. Na kama nyumba yenyewe haina ethi, mwambie mwenye nyumba usoni kwamba hufungi. Ukifunga, umeshiriki.

Na wewe mwenye nyumba usijitoe. Nani asiyemjua yule anayechokonoa tundu la juu la soketi kwa kijiti au kifuniko cha kalamu ili plagi ya pini mbili iingie? Tumelelewa tukiona hivyo na tukaona ni ujanja. Soketi yetu ni ya Kiingereza, kiwango chake kilitolewa mwaka 1947, na pini ya juu ilifanywa ndefu makusudi: itangulie kuingia, iunganishe ethi kwanza, ndipo ifungue vizibo vya matundu ya chini. Ni mlango wenye bawabu. Kijiti kinamhonga bawabu. Mtoto wa miaka minne akikuona unafanya hivyo, kesho atafanya yeye, na yeye hana kijiti, ana msumari.

Rangi nazo zinaua kimyakimya. Nyumba zetu za zamani ziliwekewa nyaya kwa mtindo wa Kiingereza wa kale: nyekundu ina moto, nyeusi haina. Kamba ya Marekani ni kinyume, nyeusi ndiyo yenye moto na nyeupe haina. Fundi aliyezoea ya zamani akikutana na kifaa cha Marekani anafunga nyeusi pasipo na moto, na kifaa kinafanya kazi vizuri tu. Ila swichi yake sasa inakata waya usio na moto, na ukikizima bado kina umeme ndani. Mtu anayefungua maikrowevu ya namna hiyo anacheza na kifo mara mbili, maana ndani yake mna kapasita inayoweza kushikilia zaidi ya volti 2,000 hata baada ya kuchomoa plagi ukutani.

Kwenye friji nina hasira ya peke yake. Mwaka 2016 mataifa yalikutana Kigali, hapo kwa majirani zetu, yakakubaliana kupunguza gesi za jamii ya R134a kwa sababu zinaipasha dunia joto. Friji nyingi mpya sasa hutumia R600a. Inawekwa kidogo sana, mara nyingi gramu hamsini hivi, na inashika moto. Kompresa yake ina pembetatu ya njano yenye mwali. Fundi asiyefundishwa hilo anawasha moto wa kuchomelea juu ya bomba ambalo gesi bado imo ndani. Mwingine, kwa kuwa R134a ndiyo aliyonayo, anaijaza kwenye kompresa isiyo yake. Friji inapoa wiki mbili, mteja anafurahi, mota inajiua taratibu. Na wale "wanaojaza gesi" kila baada ya miezi mitatu bila kutafuta inapovujia, hao ndio vishoka niliowaahidi. Gesi ya friji hailiwi na friji. Ikipungua, kuna tundu. Anayejaza bila kuziba anakuuzia hewa.

Lakini nauliza: huyo fundi angejifunzia wapi? Mchoro wa saketi haupo. Kitabu cha maelekezo kiko kwa Kijapani, Kichina au Kiarabu. Akina mama wanapaka rangi ya kucha kwenye vitufe ili wakumbuke hiki kinafua na kile kinasuuza. Bodi ikiungua, spea yake ni bodi nyingine iliyokufa kwa ugonjwa tofauti. Fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, anakaa chini ya mwavuli na mita yake, anafuata njia za shaba moja moja kwa jicho, anachora mchoro mwenyewe kwenye boksi la katoni, na mashine inaamka. Mtu huyo angezaliwa kwingine angeitwa mtafiti. Hapa tunamwita "fundi wa mtaani" na kumpunguzia hela aliyoitaja.

Ulaya walishapigana vita hivi. Tangu Machi 2021, kanuni za Umoja wa Ulaya zinawabana watengenezaji wa mashine mpya: spea muhimu za friji zipatikane kwa angalau miaka 7, na za mashine ya kufulia kwa angalau miaka 10, baada ya kifaa cha mwisho cha toleo hilo kuingizwa sokoni. Taarifa za matengenezo nazo lazima mafundi waliosajiliwa wazipate. Viwanda vilevile vinatuuzia sisi. Kwa nini Mjerumani apewe mchoro na sisi tupewe katoni tupu?

Wapo watakaosema nataka kumnyima maskini friji, kwamba nikibana mitumba nimebana jiko la mlalahoi. Sijasema mitumba ifungwe. Mashine ya Japani ya miaka kumi na mitano, ikifungwa inavyotakiwa, inaweza kuishinda mpya nyingi za bei poa. Ninachotaka hakizidi bei ya stika. Mwingizaji wa kifaa chochote, kipya au cha mtumba, abandike kwa Kiswahili volti, hetzi, wati na aina ya gesi, na aseme kama kinahitaji transfoma na ya ukubwa gani. Anayekwangua kibati achukuliwe kama anayekwangua namba ya chesisi ya gari. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) lina jukumu la viwango vya bidhaa zinazoingia nchini. Nalisihi ligeuze mashine na kuangalia nyuma, huko huko bandarini. VETA na vyuo vyote vya ufundi viwafundishe vijana R600a na hetzi 60 kwa Kiswahili kinachoeleweka, maana hizo ndizo mashine wanazokutana nazo.

Wewe unayekwenda dukani kesho, kabla hujahesabu noti mwambie muuzaji aigeuze mashine. Simama, soma, au piga picha umtumie fundi wako kabla ya kulipa. Ukikuta gundi kavu na mikwaruzo, rudisha hela mfukoni na uondoke. Na kama ulishanunua, ikaungua, usiende kwa fundi na hasira. Sisi tulikwenda, na yule kijana amehama mtaa.