Kipimo cha pH si cha Mtihani Tu

Yako maneno yanayosemwa sana bwenini, ya kuwa kemia ni somo la kukariri, na ya kuwa kipimo cha pH hakina kazi nje ya chumba cha mtihani. Wengine wameazimia kuliacha somo hili mara tutakapomaliza kidato cha nne. Mimi sikubaliani nao, na naomba nafasi kidogo nieleze sababu.

Dawa nyingi za saratani huua seli zinazogawanyika upesi. Ubaya wake ni kwamba hazichagui. Mizizi ya nywele na ngozi laini ya kinywa nazo hugawanyika upesi, kwa hiyo hudhurika pamoja na uvimbe. Shangazi yangu alipotibiwa alinyonyoka nywele zote, akatoka vidonda kinywani hata uji ukamshinda. Dawa ilikuwa njema, lakini ilifika hata isikotakiwa.

Wataalamu sasa watafuta njia ya kuifunga dawa ndani ya vichembe vya polima, vidogo hata vikipangwa elfu kumi kwa mstari mmoja huenda visizidi milimita moja. Lakini kichembe hakina macho. Kitajuaje mahali pa kufunguka? Hapo ndipo pH inapoingia. Damu yetu ina pH ya 7.4 hivi. Seli za saratani hutumia sukari nyingi na kutoa asidi ya laktiki, jambo alilolichunguza Otto Warburg wa Ujerumani katika miaka ya 1920. Kwa hiyo kandokando ya uvimbe pH mara nyingi hushuka chini ya 7. Na kichembe kikimezwa na seli, huingia katika vifuko ambamo pH huweza kushuka hata 5.4 na chini zaidi. Polima huchaguliwa makusudi: katika damu hujikunja ikaishika dawa, penye asidi hupokea ioni za haidrojeni, ikafumuka na kuiachia.

Mtu atasema tofauti ya 7.4 na 5.4 ni ndogo. Aliyesoma logarithimu hatasema hivyo, maana kila namba moja ya pH ni mara kumi. Tofauti hiyo ni mara mia!

Walakini sisemi ya kuwa ugonjwa umekwisha kushindwa. Vichembe vingi hunaswa na ini na wengu kabla ya kuufikia uvimbe, na vingi vya aina hii vingali katika majaribio. Doxil, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1995, hubeba dawa katika vifuko vya mafuta, wala si katika polima za kufunguliwa na asidi. Kazi ingalipo, nayo yahitaji watu.

Basi, wenzangu, watu hao watatoka wapi ikiwa kila mwenye akili aikimbia kemia kwa ugumu wake? Nawaomba walimu wetu watuonyeshe kazi ya kila kanuni siku ile ile wanapotufundisha. Nasi tusiulize tu kama jambo litatoka katika mtihani. Tuulize litamfaa nani.