Sifa za Nyumba Isiyoonekana

Biashara ya kupangisha nyumba kwa njia ya intaneti imeleta desturi ngeni katika mambo ya upangaji: mpangaji hulipa kwanza, kisha huona. Zamani mtu aliyetaka chumba Kyela alishuka katika basi, akaongozwa na dalali, akagonga ukuta kwa kidole, akafungua bomba, akauliza majirani habari za mwenye nyumba. Leo mtu aliye Dar es Salaam, Muscat au London hutazama picha sita na maneno arobaini, akapeleka fedha kwa simu, akangoja siku ya safari. Mpaka siku hiyo ifike, maneno yale arobaini ndiyo nyumba yenyewe.

Wako watetezi wa maneno hayo, na baadhi yao ni watu waliosoma. Husema kwamba kila muuzaji husifu bidhaa yake, kwamba chumvi kidogo ni ada ya biashara, na kwamba mnunuzi mwenye akili huipunguza mwenyewe. Hoja hii ina sura ya busara, lakini ndani yake mna dhuluma. Mtu hawezi kupunguza kitu asichokijua kipimo chake. Anayeambiwa kwamba samaki ni mkubwa, naye samaki yuko mbele yake, hana hasara. Anayeambiwa hivyo kabla mtumbwi haujatoka, amenunua maneno.

Kijiji cha Matema, katika pembe ya kaskazini mashariki ya Ziwa Nyasa, kina uzuri usiohitaji msaada wa mwongo. Mchanga wake ni mpana, Milima ya Livingstone imesimama ubavuni mwake, na vyungu vya wanawake wa Kikisi wa Ikombe hupangwa gulioni Lyulilo kama hazina. Nyumba za wageni zipo, na sifa zake hutangazwa duniani. Msomaji na achukue sifa chache ambazo tangazo la nyumba ya mwambao huo laweza kubeba, azipime.

Tangazo likisema "mandhari ya kuvutia", halikusema neno, maana hapana awezaye kulikanusha. Likisema kwamba mgeni ataona jua likichomoza kutoka majini, limesema jambo, na ramani hulikataa papo hapo: ziwa liko kusini mwa Matema, na upande wa mashariki ni milima. Picha ya jua jekundu juu ya maji, basi, ama ni ya jua linalotua, ama ni ya mahali pengine. Likisema "karibu na Songwe", limetumia ukweli kama mtego. Mto Songwe ni mpaka wa Tanzania na Malawi, nao huingia ziwani upande wa Kyela. Lakini uwanja wa ndege wa Songwe, uliofunguliwa mwaka 2012, uko ng'ambo ya mji wa Mbeya, zaidi ya kilomita 100 kutoka Kyela kwa barabara. Mgeni husoma Songwe, akadhani ndege itamshusha mlangoni.

Au tangazo na liseme "hatua ishirini kutoka majini". Hatua za mwezi gani, na za mwaka gani? Ziwa hupanda na kushuka kila mwaka, na kuna miaka, kama 1979 na 1980, lilipopanda kupita kiasi. Tambarare ya Kyela hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, iliyo nyingi kati ya Machi na Mei, na mto Songwe umehamahama hata Tanzania na Malawi zikalazimika kupanga pamoja jinsi ya kuutuliza. Nyumba ya tambarare hiyo, iwe Talatala, Mwaya au Kajunjumele, ikipigwa picha mwezi wa Septemba, picha ni ya kweli, nayo haisemi kitu juu ya Aprili.

Hata tarakimu, ambazo watu wengi huziheshimu kama mashahidi waliokula kiapo, zaweza kununuliwa. Vijitabu vya utalii hupenda kuliita Nyasa ziwa la kalenda, kwa madai kwamba urefu wake ni maili 365 na upana wake maili 52. Vipimo vya kawaida vya jiografia hutoa urefu na upana uliopungua hapo. Aliyebuni jina hilo hakupima ziwa. Alipima hamu ya msikilizaji.

Hayo ni makosa ya kuchekesha. Liko moja lisilochekesha. Kwa miaka mingi wasafiri waliambiwa kwamba ziwa hili halina kichocho, wakaoga kwa furaha. Mwaka 1992 Wamarekani wawili wa kikosi cha kujitolea, waliokuwa wameogelea Cape Maclear upande wa Malawi, waliugua kichocho kilichofika katika mishipa mikuu ya fahamu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1996 ulikuta dalili za ugonjwa huo katika damu ya karibu theluthi moja ya wageni wakazi wa Malawi waliopimwa. Cape Maclear ni kusini, mbali na Matema, wala habari hii si hukumu juu ya kila ufuo. Lakini mwenye nyumba anayeandika "maji salama" anadaiwa majibu matatu: nani alipima, wapi, na lini. Asiye na majibu hayo hajatia chumvi katika biashara. Ameweka rehani mwili wa mtu mwingine.

Watetezi hukimbilia tovuti, wakisema kwamba tovuti kubwa huchuja. Mwezi wa Februari 2019 mamlaka ya ushindani ya Uingereza ilitangaza kwamba tovuti sita, miongoni mwao Booking.com, Expedia na trivago, zimekubali kubadili mwenendo. Mamlaka ilikuwa imeonya dhidi ya kumwambia mteja kwamba wengine wanaitazama hoteli ile ile, ilhali huenda wao wanatafuta tarehe nyingine. Dhidi ya punguzo lililopatikana kwa kulinganisha bei ya siku za kazi na ya mwisho wa juma. Na dhidi ya kuficha kwamba ushuru unaolipwa na hoteli huathiri nafasi yake katika orodha. Mchujaji naye alihitaji kuchujwa.

Nayo Tanzania haina upungufu wa sheria. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara, na Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 imeweka utaratibu wa kupanga daraja za malazi, hata nyota zisiwe pambo la kujivika mwenyewe. Lakini sheria hizo hungoja mlalamikaji, na mlalamikaji alikuwa na likizo ya siku tano. Amekwisha kurudi kazini. Wakati huo mwenye nyumba wa pili, aliyeandika kwamba umeme hukatika, kwamba njia yake ni ya udongo, na kwamba mwezi wa Aprili mgeni aje na gari refu, angali anangoja mgeni wake wa kwanza.