KIPAZA SAUTI SI MCHEZO: TUKATAE KUFUNGIWA KIFO UKUTANI



Sisi watu wa reli hatuna stesheni Meru wala Embu. Njia yetu yapita Thika, yapita Sagana, ikaishia Nanyuki, na wenyeji wa upande wa mashariki wa Mlima Kenya hungojea basi. Lakini wengi wetu ni wana wa huko. Ndugu zetu walio katika viwanda vya chai wametuuliza neno moja, kwa kuwa sisi tumezoea waya za simu na za ishara za treni. Wanauliza hivi: meneja analeta simu ya ndani, yenye amplifaya na spika katika kila chumba. Tukiambiwa tupande ngazi tuifunge, tupande au tukatae?

Jibu letu ni fupi. Chombo tunakitaka. Kukifunga ovyo tunakataa.

Asitokee mtu kusema chama kinapinga mashine mpya. Kiwanda cha chai kina kelele. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 zinakataza mfanyakazi kukaa saa 8 katika kelele inayozidi desibeli 90, na penye kelele nyingi mtu akinaswa mkono na mashine aweza kulia asisikiwe na jirani yake. Kwa hiyo sauti inayofika kila chumba ni haki yetu, si zawadi ya bwana yeyote. Ndiyo sababu twataka ifungwe sawasawa.

Sasa tuyatazame maneno tunayoambiwa.

Kwanza wanasema, "Ni sauti tu, sauti haimwumi mtu." Huo ni uongo. Amplifaya inakula stima ile ile ya volti 240 inayoendesha mashine nyingine. Tena waya zinazotoka kwake kwenda kwa spika za kiwandani mara nyingi hubeba hadi volti 100 sauti ikiwa juu. Anayezishika kwa mkono wenye jasho, huku amesimama juu ya ngazi ya chuma, atajua kama sauti inauma au haiumi. Na ndani ya mashine yenyewe mna vyombo vinavyoweka stima hata baada ya plagi kutolewa. Kifuniko si cha kufunguliwa na kila mwenye bisibisi.

Pili wanasema, "Fyuzi ipo, msiogope." Ndugu, fyuzi hulinda waya usiungue, haikuwekwa kumlinda mtu. Fyuzi ya plagi ni ampea 13. Moyo wa mwanadamu waweza kusimama kwa stima isiyofika hata sehemu moja ya kumi ya ampea moja. Kinachomlinda mtu ni mambo mawili: waya wa ardhi ulioshikamana barabara na sanduku la chuma la mashine, na swichi inayokata yenyewe stima inapovuja kiasi cha sehemu 30 za elfu za ampea. Penye mvuke na sakafu yenye maji, kama palivyo katika vyumba vya kusindika chai, vitu hivi viwili si anasa. Na anayetia msumari mahali pa fyuzi anachimba kaburi la mwenzake.

Tatu wanasema, "Kijana yeyote aweza, ni kuunga waya mbili." Mbona basi hawamwiti kijana yeyote atie sahihi kwenye hundi? Kazi ya stima ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA. Yeye atajua kwamba waya za spika hazipitishwi katika bomba moja na waya za stima kuu. Atajumlisha wati za spika zote: spika 10 za wati 10 ni wati 100, na amplifaya ya wati 60 itachemka mpaka iungue. Ataiweka mahali pakavu penye hewa, mbali na boila na vumbi la chai. Tena atakumbuka radi za mlimani wakati wa mvua, aweke kinga kwenye waya zinazotoka nje kwenda getini.

Kuna jambo la nne ambalo hawalisemi kabisa. Stima ikikatika je? Bwawa la Kindaruma limekuwa likitoa stima tangu 1968, na la Kiambere tangu 1988, yote katika mto Tana unaopita chini ya nchi ya Embu. Hata hivyo giza hutuingilia kila siku. Moto ukizuka gizani, kipaza sauti kinachotegemea stima kuu peke yake ni bubu. Katika reli, ishara na simu huwekewa betri, kwa maana treni haingoji stima irudi. Na kiwanda nacho kiweke betri, volti 24, yenye fyuzi karibu na kichwa chake, katika chumba chenye madirisha, kwa sababu betri ikichajiwa hutoa gesi inayolipuka.

Sheria iko upande wetu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, kifungu cha 14, yasema ukiona hatari kubwa umwarifu msimamizi, na mwajiri hana ruhusa kukurudisha hapo mpaka hatari itengenezwe. Penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, na wafanyakazi wawemo. Iko pia sheria ya fidia ya mwaka huo huo, inayompa aliyelemaa kabisa mishahara ya miezi 96. Lakini miezi 96 ni miaka minane tu. Mkono haurudi, na mtoto anaendelea kula baada ya mwaka wa nane.

Kwa hiyo, ndugu wa Meru na Embu, mkamwambie meneja haya, kwa adabu, na kwa maandishi:

1. Kazi ifanywe na fundi mwenye leseni, wala si kibarua wa siku.
2. Stima izimwe, swichi ifungwe kwa kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwa anayefanya kazi. Waya zipimwe kabla ya kuguswa.
3. Waya wa ardhi na swichi ya kukata zijaribiwe mbele ya mjumbe wa kamati, na matokeo yaandikwe.
4. Betri iwepo, nayo ijaribiwe kila mwezi.

Mtu mmoja akikataa peke yake ataitwa mkaidi na kufukuzwa. Mkikataa nyote, mjumbe wa chama akiwa mbele, itabidi msikilizwe. Asipande mtu mpaka kufuli liwe limefungwa.

Umoja ni nguvu.